Mwalimu Ronald Ngala na Shule za Mashambani Pwani

Jina la Ronald Gideon Ngala si geni kwa yeyote aliyewahi kutembea katikati ya Nairobi au Mombasa, kwani miji yote miwili ina barabara inayoitwa kwa jina lake. Wanafunzi wa historia humjua kuwa kiongozi wa chama cha KADU na mtetezi wa majimbo, mtu aliyekubali kukivunja chama chake kabla uhuru wa Kenya haujatimiza mwaka. Wazee wa Pwani nao humkumbuka zaidi kwa ajali iliyomwondoa duniani, na mazungumzo juu yake aghalabu huishia kwenye nyuki.

Makala haya yanamtazama kwa upande ambao haujashughulikiwa vya kutosha, nao ni ualimu wake. Kabla ya kuwa mwanasiasa Ngala alikuwa mwalimu wa shule na, jambo ambalo wanafunzi wengi wa Kiswahili hawalijui, alikuwa mwandishi wa kitabu cha Kiswahili. Maoni yetu ni kwamba siasa zake haziwezi kufahamika vyema mpaka zisomwe kuwa siasa za mwalimu wa mashambani, aliyeandamwa na swali moja maisha yake yote: shule iliyoko kijijini iwe mikononi mwa nani, na ni nani aamue mtoto wa hapo ataishia darasa la ngapi?

Kaloleni

Ngala alizaliwa mwaka 1923 katika sehemu za Kaloleni, kwenye vilima vya minazi vilivyoko bara ya mwambao, katika jamii ya Wagiriama. Wagiriama ndio wengi zaidi miongoni mwa makabila tisa yanayoitwa leo Mijikenda, jina ambalo lenyewe lilienea katika miaka ya 1940. Wilaya ya Kilifi ya zama hizo ilikuwa pana. Iliijumuisha Malindi pamoja na nchi yote kavu iliyo nyuma yake. Malindi ilikuja kutengwa kuwa wilaya ya pekee katika miaka ya 1990, kisha katiba ya mwaka 2010 ikaziunganisha tena sehemu hizo mbili katika Kaunti ya Kilifi.

Ili kuelewa shule ilimaanisha nini kwa Wagiriama wa wakati huo, yafaa tukumbuke yaliyotokea miaka tisa hadi kumi kabla ya Ngala kuzaliwa. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza aliwaapisha watu wake wasitoe vijana wao kwa kazi za Waingereza. Serikali ilimkamata ikampeleka mbali, Kisii, naye akatoroka akarejea kwao. Mnamo Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, na vita vilipokwisha wakawatoza wenyeji faini na vibarua. Watu waliotoka katika msukosuko huo hawakuwa na sababu ya kukiamini chochote kilicholetwa na Mzungu, sembuse jengo ambamo mtoto angefungiwa tangu asubuhi akifundishwa kuyaacha ya baba yake.

Hata hivyo shule zilikuwako, na kwa hakika zilitangulia serikali. Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha kituo chao Rabai mwaka 1846, mwendo usio mrefu kutoka Kaloleni. Sisi wa taaluma ya Kiswahili tunamjua Krapf kwa kamusi yake iliyotoka mwaka 1882, na pengine tumesahau kwamba kazi hiyo ilianzia katika vilima hivi hivi, miongoni mwa Wamijikenda. Baadaye Wamisheni wa Kianglikana walifungua vituo vingine, kikiwamo cha Jilore karibu na Malindi mwaka 1890, na pale Kaloleni wakajenga kanisa, hospitali na shule ya Mtakatifu Yohana. Humo ndimo Ngala alimojifunza kusoma.

Aliyetaka mwanawe asome alihitaji karo, na karo ya Kaloleni ilitoka kwenye mnazi. Mwenye minazi aliuza mbata na tembo. Asiyekuwa nayo aliuza nguvu zake, au aliweka rehani ile michache aliyorithi. Mtaalamu wa anthropolojia David Parkin, aliyefanya utafiti wake huko Kaloleni katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu juu yake mwaka 1972, alionyesha jinsi minazi na ardhi ilivyokuwa ikikusanyika mikononi mwa wachache. Tunataja jambo hili kwa sababu mara nyingi Pwani husemwa kwamba ilichelewa kielimu kwa kupenda raha. Mtu aliyepata kuhesabu nazi zinazohitajika kulipia muhula mmoja hasemi hivyo.

Ngala alifaulu. Kutoka Kaloleni safari yake ya elimu ilimfikisha Alliance, shule ya upili iliyofunguliwa na makanisa ya Kiprotestanti mwaka 1926 huko Kikuyu, kisha Makerere, Uganda, alikopata diploma ya ualimu. Tuiangalie njia hiyo kwenye ramani. Kila hatua ya elimu ilimsogeza mbali zaidi na nyumbani: kwanza nje ya kijiji, kisha nje ya Pwani, hatimaye nje ya nchi. Mtoto mmoja akivuka, wengine wengi walibaki nyuma wakikwea minazi. Hatudhani kwamba jambo hilo lilimtoka akilini.

Mwalimu na mwandishi

Aliporejea alifundisha kwao Kaloleni, akawa mwalimu mkuu wa shule ya Mbale (ile ya Taita, si mji wa Uganda), kisha akahamia Mombasa kuiongoza shule ya Buxton, na mwishowe akawa msimamizi wa shule. Kwa miaka kumi hivi, kuanzia mwishoni mwa vita vya pili vya dunia, kazi yake ilikuwa chaki, daftari la mahudhurio na ukaguzi wa walimu wenzake.

Miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya ripoti ya Beecher. Kamati iliyoongozwa na Leonard Beecher, kiongozi wa Kanisa la Kianglikana, ilitoa mapendekezo yake mwaka 1949, nayo serikali ikayafuata. Elimu ya Mwafrika ikagawanywa katika ngazi tatu za miaka minne minne: msingi, kati na upili. Mwishoni mwa darasa la nne palikuwa na mtihani, na waliofeli, ambao ndio waliokuwa wengi, walirudi nyumbani. Watoto hao walikuwa na umri wa miaka kumi au kumi na miwili. Hawakuwa wameiva kwa kazi yoyote, wala kusoma kwao hakukuwa kumekita mizizi. Baada ya miaka michache mingi ya michanganuo waliyofundishwa ilikuwa imekwisha kusahaulika. Wazazi wa Kiafrika kote nchini waliichukia ripoti hiyo, na mwalimu mkuu ndiye aliyelazimika kusimama mbele yao na kuyasoma majina ya waliopita. Ngala alikuwa mwalimu mkuu.

Fauka ya hayo, shule zilitengwa kwa rangi. Wazungu, Wahindi, Waarabu na Waafrika kila mmoja alikuwa na zake, na fedha za serikali ziligawanywa kwa mafungu yasiyolingana hata kidogo. Katika eneo la Malindi mgawanyiko huu ulikuwa na uchungu wa aina yake. Watoto wa mji na watoto wa viambo vya nyuma ya mji walikutana sokoni, wakaongea Kiswahili kimoja, wakanunuliana mahindi na samaki. Lakini aliyehesabiwa kuwa Mwarabu alikuwa na mlango wake wa shule, na mtoto wa Kigiriama alikuwa na wake, ambao mara nyingi ulikuwa mlango wa misheni. Kwa hivyo ujirani wa karne nyingi haukupata nafasi ya kukaa kwenye dawati moja.

Katika mwaka huo huo wa ripoti ya Beecher, 1949, Ngala alitoa kitabu chake, Nchi na Desturi za Wagiriama, kilichochapishwa Nairobi na Eagle Press, tawi la shirika la vitabu la serikali za Afrika Mashariki. Shirika hilo lilikuwa likiwatafuta waandishi wa Kiafrika waandike kuhusu makabila yao, na wengi waliojibu mwito walikuwa walimu. Ni kitabu chembamba, nacho hakitajwi mara nyingi tunapoorodhesha nathari ya Kiswahili ya Kenya. Pengine ni kwa sababu si riwaya. Pengine pia ni kwa sababu mwandishi hakuwa Mswahili wa Lamu au wa Mvita, na fasihi yetu imezoea kuitafuta Pwani mijini tu.

Yapo mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza ni uamuzi wa lugha. Mgiriama alikuwa akiwaeleza Wagiriama kwa lugha ambayo haikuwa ya mama yake, tena katika usanifu uliojengwa juu ya Kiunguja tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, ilhali majirani zake wa Mombasa na Malindi walikuwa na lahaja zao. Kwa kuandika hivyo aliwatoa Wagiriama katika kumbukumbu za maafisa wa wilaya na kuwaweka mbele ya wasomaji wa Tanganyika, Unguja na Nairobi. La pili ni uamuzi wa mada. Kizazi cha baba zake kiliiona kaya ikilipuliwa. Yeye, mwana wa shule ya misheni, alichukua kalamu ile ile ya misheni akaandika desturi za watu wa kaya. Hatusemi kwamba ulikuwa uasi. Lakini mwalimu anayetaka mtoto asome bila ya kuyadharau ya kwao hana budi kuanza na kitabu cha namna hiyo, na kama hakipo, akiandike.

Kura za wasomi

Mnamo Machi 1957 Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuwachagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Kura yenyewe haikuwa ya kila mtu: ilitegemea elimu, kipato, mali au utumishi, na mtu mmoja aliweza kuwa na kura hadi tatu kwa kadiri ya sifa zake. Kwa maneno mengine, daftari la wapiga kura lilifanana sana na daftari la shule. Ngala alikuwa amefundisha Kaloleni, Taita na Mombasa. Wapiga kura wa Pwani walikuwa wanafunzi wake wa zamani, wazazi wa wanafunzi wake, na walimu aliowasimamia. Alishinda. Miongoni mwa wenzake saba walioingia naye alikuwamo Daniel arap Moi, mwalimu mwingine wa mashambani, na Oginga Odinga, ambaye naye aliwahi kushika chaki.

Kutoka hapo alipanda haraka. Mkutano wa Lancaster House wa Januari 1960, jijini London, ulimkuta akiwa kiongozi wa ujumbe wa Waafrika, na Tom Mboya akiwa katibu. Wengi huona kwamba alichaguliwa kwa kuwa hakuwa tishio kwa yeyote kati ya vigogo waliokuwa wakishindana. Huenda ni kweli. Lakini utulivu wake, ambao wapinzani wake waliuita upole wa kupita kiasi, ulikuwa ni utulivu wa mtu aliyezoea kuongoza mkutano wa walimu, ambamo anayepaza sauti sana ndiye anayeshindwa.

Mwaka huo huo vyama viwili vikazaliwa: KANU mwezi wa Mei, na KADU mwezi wa Juni, Ngala akiwa rais wake. Katika serikali ya mpito ya 1960 alikuwa ameshika wizara ya kazi pamoja na elimu ya watu wazima. Uchaguzi wa Februari 1961 uliipa KANU viti vingi zaidi, lakini chama hicho kilikataa kuunda serikali mpaka Jomo Kenyatta aachiliwe. KADU ikakubali, na Ngala akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali na Waziri wa Elimu, Moi akiwa msaidizi wake katika wizara, ambaye baadaye aliirithi. Wapo waliomhesabu msaliti kwa kukubali huko, na Kenyatta alikuwa bado kizuizini hadi Agosti mwaka huo. Sisi tunaona kwamba lawama hiyo ina uzito wake. Haifutwi na ukweli kwamba yeye pia alidai Kenyatta afunguliwe.

Mwalimu wa Kaloleni alikuwa sasa amekalia kiti ambacho maamuzi ya Beecher yalitoka. Muda wake ulikuwa mfupi mno, nao ulikuwa mwaka wa ukame ulioishia kwa mafuriko. Asingeweza kuubomoa mfumo na kuujenga upya. Lakini kutoka kiti hicho mtu aliweza kuona vizuri nani alikuwa na nini. Tangu mwaka 1959 Mboya alikuwa akiwapeleka vijana Marekani kwa ndege, na nafasi hizo, kwa kawaida, ziliwaangukia waliokwisha kumaliza upili. Sehemu zilizotangulia kupata shule zilizidi kutangulia. Kilifi haikuwa miongoni mwazo.

Majimbo na shule

Majimbo kwa kawaida huelezwa kwa habari ya ardhi na hofu: makabila madogo yaliogopa kumezwa na makubwa. Maelezo hayo ni sahihi, lakini yanaacha nje jambo ambalo kwa mwalimu lilikuwa la kila siku. Katiba ya mwaka 1963 iliyapa majimbo madaraka juu ya sehemu kubwa ya elimu iliyo chini ya chuo kikuu. Katika mazungumzo ya 1962, KADU ilishauriwa na mwanasheria wa Uswisi, Eduard Zellweger, na Uswisi ni nchi ambayo kila kantoni huendesha shule zake yenyewe. Ngala alikuwa akitaka mtu wa Kilifi aweze kumwendea aliyeamua kuhusu shule yake kwa miguu, au angalau kwa basi la siku moja, bila ya kungoja jibu la Nairobi.

Wala hakutaka majimbo ya kila namna. Palikuwapo wakati huo vuguvugu la Mwambao, lililotaka ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Unguja ujitenge na Kenya. Malindi mjini ilikuwa ndani ya ukanda huo. Viambo vya Wagiriama vya bara vilikuwa nje. Ngala alilipinga vuguvugu hilo. Mpaka kama huo ungepita katikati ya soko na shamba, na ungeurudisha kwa sura nyingine ule mgawanyiko wa milango ya shule tuliouona hapo awali.

Mwaka 1963 akawa Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani na papo hapo kiongozi wa upinzani bungeni. Hapa ndipo hoja yake ilipoonyesha ufa. Jimbo lilikuwa na madaraka juu ya shule lakini halikuwa na fedha. Serikali kuu iliyabana majimbo, ikachelewesha mapato yao, na lengo lake la kuyaua halikuwa siri. Tuseme hata kama isingeyabana: jimbo ambalo karo yake hutoka kwenye nazi lingejengaje shule za kuyafikia majimbo ya kahawa na chai? Kumpa maskini mamlaka juu ya sanduku tupu si kumtajirisha. Ngala hakupata jibu la kutosha kwa swali hili, na hatuoni kwamba warithi wa siasa zake walilipata.

Upo ufa mwingine, nao ni mbaya zaidi. Neno majimbo lilipofufuliwa katika miaka ya 1990 lilitumiwa kuwafukuza watu. Katika ghasia za Likoni za mwaka 1997 waliouawa na waliochomewa nyumba walikuwa kwa wingi watu wa bara waliohamia Pwani. Si haki kumtwika Ngala, aliyekuwa amekufa miaka ishirini na mitano, damu ya Likoni. Lakini mbegu ya kumgawa mwenyeji na mgeni ilikuwamo ndani ya KADU tangu mwanzo, na mwandishi wa wasifu hana ruhusa ya kuificha kwa kuwa anampenda mtu wake.

Tarehe 10 Novemba 1964 Ngala aliivunja KADU, wafuasi wake wakajiunga na KANU, na mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Majimbo yakafa, yakabaki mikoa. Swali la kwa nini alifanya hivyo limejadiliwa sana. Wabunge wake walikuwa wakihama mmoja baada ya mwingine, naye huenda aliona kwamba upinzani uliobaki ungeinyima Pwani hata kile kidogo. Mwaka 1966 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wanane wa rais wa KANU, akiiwakilisha Pwani, kisha akaingia katika baraza la mawaziri akiwa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii.

Wizara hiyo hutajwa kwa haraka katika vitabu, kana kwamba ilikuwa sahani ya makombo. Kwa somo letu ina umuhimu wa pekee, kwa maana ndiyo iliyobeba miradi ya harambee, ambayo kwayo wanavijiji walijenga madarasa kwa mikono yao, na ndiyo iliyoanzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima mwaka 1967. Miaka hiyo hiyo, kufuatia ripoti ya Baraza la Kitaifa la Makanisa ya mwaka 1966 iliyouliza vijana waliomaliza shule ya msingi waende wapi, ndipo vyuo vya ufundi vya vijiji vilipoanza. Fikra yake ilikuwa nyepesi: kijana asiyepata nafasi ya upili afundishwe useremala, uashi, ushonaji au kilimo papo hapo kwao, kwa gharama ndogo, na wenyeji wenyewe waamue ufundi gani unahitajika. Huyo ndiye mtoto yule yule wa mtihani wa darasa la nne, sasa akiwa amesogezwa mbele miaka mitatu.

Lakini wakati kisomo na ufundi vikirudi kijijini, shule zenyewe zilikuwa zikienda upande wa pili. Mwaka 1967 iliundwa Tume ya Kuajiri Walimu, ikawakusanya walimu wote wa umma chini ya mwajiri mmoja wa taifa. Walioidai kwa nguvu zaidi walikuwa walimu, kupitia chama chao cha KNUT kilichoundwa mwaka 1957, kwa kuwa walikuwa wamechoka kucheleweshewa mishahara na halmashauri za wilaya. Kisha, tarehe 1 Januari 1970, serikali kuu ilizipokonya halmashauri shule za msingi, pamoja na afya na barabara. Sheria ya kufanya hivyo ilikuwa imepitishwa mwaka 1969. Hivyo wenzake wa taaluma ile ile iliyomlea Ngala ndio waliokata shauri dhidi ya hoja yake, tena kwa sababu asizoweza kuzikana. Mwalimu asiyelipwa miezi mitatu hajali sana kama ofisi ya mshahara iko Kilifi au Nairobi. Naye Ngala alikuwa waziri katika serikali iliyofanya hayo.

Konza

Katika miaka yake ya mwisho alikuwa Waziri wa Nishati na Mawasiliano. Mnamo Desemba 1972 gari lake lilipata ajali karibu na Konza, katika barabara ya Mombasa na Nairobi. Dereva alieleza kwamba nyuki waliingia garini. Ngala alilazwa hospitalini akiwa mahututi, akafa siku ya Krismasi, tarehe 25, na kuzikwa kwao Kaloleni. Alikuwa hajafika miaka hamsini. Habari ya nyuki haikukubaliwa na wengi, na mpaka leo Pwani bado ina wasimulizi wanaoitilia shaka. Sisi hatuna la kuongeza juu ya hilo.

Hakuuona mwaka 1974, karo ilipofutwa kwa madarasa manne ya kwanza, wala mwaka 2003 ilipofutwa kwa shule ya msingi yote, na madarasa ya Ganze, Magarini na Kaloleni yakafurika watoto. Hakuiona Taasisi ya Kilimo ya Kilifi ikigeuka kuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Pwani mwaka 2007 na kupata hati yake kamili mwaka 2013, ili mtoto wa Kaloleni aweze kusoma hadi shahada bila ya kulivuka daraja la Nyali. Chuo cha utalii kilichopewa jina lake huko Vipingo kilianza kujengwa katika miaka hiyo hiyo, na ujenzi wake ukakokoteka zaidi ya muongo mzima. Watu wa Kilifi walizoea kukipita wakiwa kwenye matatu na kuuliza kingefunguliwa lini.

Katiba ya mwaka 2010 ililigawa upya swali la Ngala. Jedwali lake la Nne limeziachia kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijiji, na serikali ya taifa ikabaki na shule za msingi, za upili na vyuo vikuu. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu watu 1,453,787 katika Kaunti ya Kilifi. Miongoni mwao, mtoto wa miaka minne anayeimba herufi chini ya mwembe ni wa kaunti, na dada yake mkubwa anayejifunza ushonaji katika chuo cha ufundi ni wa kaunti. Kaka yao wa katikati, aliye darasa la sita, ni wa Nairobi, na mwalimu wake vile vile.